Miaka Minne Isiyo Yangu

"Auntie, what year were you born?" Grace aliniuliza bila kuinua macho kwenye kompyuta. Grace ni binti wa ndugu yangu Espoir, ana miaka kumi na mitatu, na tulikuwa jikoni kwa baba yake, katika nyumba yao ya Black Rock hapa Buffalo, siku ya pili ya kilio cha Mama. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika programu ya mazishi kwa sababu katika familia nzima yeye ndiye mwenye Kiingereza kisichotutia aibu. Sebuleni wanakwaya walikuwa wanatafuta sauti ya kuanzia, na nyuma yangu wamama wawili walikuwa wanavunja vipande vya sombe, majani ya muhogo yaliyoganda, na kubishana kama mawese yanatosha. Grace alitaka kuwapanga watoto wa marehemu kwa mwaka wa kuzaliwa, mkubwa juu, mdogo chini. Nikamwambia aandike jina langu tu. "But it looks weird, everybody else has a year." Nikamjibu kwa ukali ambao mtoto hakuustahili, na wale wamama wakageuka kusikiliza, kisha wakarudi kwenye mawese yao. Ukweli ni kwamba nina miaka miwili ya kuzaliwa, mmoja wa kweli na mmoja wa karatasi, na katikati yake kuna miaka minne ambayo sikuiishi. Kwa kweli nina miaka thelathini na minane. Kwenye leseni yangu ya udereva nina arobaini na miwili. Watu hupenda kusema umri ni namba tu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuimba soprano.

Acha nilieleze jambo hili mara moja, maana nimechoka kulizunguka. Mama tuliyemlilia siye aliyenizaa. Ni mdogo wa mama yangu, na mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mimi na Espoir, mtoto wake wa kwanza, tulizaliwa mwezi mmoja, nyumba mbili zinazotazamana. Tulipofika kambi ya wakimbizi na kupanga foleni ya kuandikishwa, mama huyu mdogo aliambiwa kwamba mtoto wa dada anafunguliwa faili yake peke yake, na kwamba faili mbili zinaweza kwenda nchi mbili. Hakusubiri kuelezwa zaidi. Akasema wote hawa ni wangu, wa tumbo langu. Ila mwanamke hawezi kuzaa mara mbili ndani ya mwezi mmoja watoto wasiofanana hata masikio, kwa hiyo palepale mezani akanisukuma juu miaka minne, tarehe moja Januari, tarehe waliyopewa nusu ya kambi ile. Nikawa dada mkubwa wa mtu niliyemzidi siku tisa. Alinizidi pia urefu. Kuanzia jioni hiyo nilikatazwa kumwita mama mdogo. Kwenye mahojiano ya pili mkalimani aliuliza swali ambalo mzungu asingeliwaza kamwe: kama huyu Mapendo ndiye wa kwanza, mbona watu wote wanakuita Mama Espoir? Alijibu haraka kwamba kwao mama huitwa kwa mtoto wa kiume, akatoka pale ameloa jasho, na tangu siku hiyo hakuruhusu mtu amwite Mama Espoir. Akawa Mama Mapendo. Majirani walicheka wiki moja, wakazoea. Louisville, mji wa kwanza tuliopelekwa kutoka kambini, hakuna aliyewahi kumjua kwa jina lingine.

Nilifika Louisville nikiwa na miaka kumi na mitano, karatasi zikisema kumi na tisa. Mwanamke aliyetupokea ofisini alitazama ile tarehe, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwamba naonekana mdogo, bahati yangu. Kisha akasema kwa umri huo afadhali kazi na madarasa ya watu wazima. Jumatatu iliyofuata Espoir alipanda basi la njano la shule mbele ya apatimenti zetu za Beechmont, na mimi nikapanda basi la jiji kwenda Highview, kwenye nyumba ya wazee, kukunja mashuka. Espoir alirudi na vitabu na mpira wa kikapu. Mimi nilirudi na mikono inayonuka dawa ya kufulia. Sikumchukia. Nilichukia kwamba hakuona ajabu yoyote. Ukikaa kwenye uongo muda mrefu, watu wa nyumba hiyo huusahau, na anayeubeba ndiye pekee anayekumbuka uzito wake.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Kanisa letu la Wakongomani halikuwa na jengo. Tulikuwa tunaazimwa ukumbi wa kanisa la wazungu pale Beechmont, Jumapili alasiri, wao wakishamaliza. Mpiga kinanda wao, Madame Carol, mwanamke mrefu wa nywele fupi nyeupe, alikuwa amefundisha uimbaji chuoni miaka mingi. Siku moja alisahau miwani yake, akarudi kuifuata, akatukuta mazoezini. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, akanyoosha kidole juu ya vichwa vya wenzangu na kuuliza ni nani huyo. Walidhani amekuja kulalamika juu ya kelele, kwa hiyo wote walinigeukia kwa haraka ya kumkabidhi mwenye kosa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza. Wakati wa mwaka ninaousimulia, nilikuwa nimeshakaa naye miaka mitatu, kila Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini, katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu chenye piano iliyopasuka kifuniko, hita inayogonga, na sahani ya biskuti ngumu ambazo alinikataza kuzigusa kabla ya kuimba na kunilazimisha kuzila baadaye.

Miezi ya kwanza alikuwa anabomoa tu. Katika kwaya yetu soprano asiyesikika mpaka barabarani huhesabiwa kuwa anaumwa. Tunaimba kwa kifua, kwa koo, kwa mishipa ya shingo, na anayeshuka sauti katikati ya wimbo hupigwa kiwiko na jirani yake. Madame Carol alinifunza kuacha kusukuma. Alinilaza sakafuni na kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, nipumue mpaka kitabu kipande na kushuka bila mabega kusogea. Nilirudi nyumbani nikijipumulia hivyo kwenye basi. Siku sauti ya juu ilipokuja yenyewe, bila kuvutwa, nyembamba halafu ikajaa, niliishika meza. Sijui kuieleza vizuri zaidi. Kila kitu katika maisha yangu kilikuwa kimewekwa na mtu mwingine, jina la mama, tarehe, kazi, na hiki kilikuwa kimetoka ndani yangu mwenyewe. Kwenye kwaya, lakini, nikawa tatizo. Mwenyekiti wetu alisema naimba kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mwezi wa pili wa mwaka ule nilifika mapema, nikamsikia Madame Carol ofisini akiongea kwenye simu, mlango ukiwa wazi. Alikuwa anaongea na rafiki yake wa Columbus. Jumba moja la opera la kule lilikuwa na programu ya waimbaji vijana: miaka miwili, unalipwa, unafundishwa Kiitaliano na Kijerumani na jinsi ya kusimama jukwaani, unapewa nafasi ndogo ndogo mbele ya orkestra. Wanachukua wanne tu, na mwisho ni miaka ishirini na minne. "Ana sauti," alikuwa anasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "ila ana ishirini na sita. Ningempata akiwa na ishirini na miwili ningejua la kufanya naye." Nilikaa kwenye kiti cha korido na mkoba wangu mapajani. Nilikuwa na ishirini na miwili. Nilikuwa nayo pale pale, kwenye kile kiti, mita tatu kutoka kwake. Nimewahi kusikia mambo mengi mabaya yakisemwa juu yangu, lakini hakuna lililoniudhi kama lile jema.

Nikamwambia. Sikumweleza yote. Nilisema tu kwamba tarehe iliandikwa vibaya kambini na kwamba mimi na Espoir ni wa mwezi mmoja. Alipiga hesabu na kuona kwamba basi Espoir hawezi kuwa ndugu yangu wa tumbo moja, lakini hakuuliza. Furaha ilimzidi hata asiulize. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: fomu inauliza umezaliwa lini, na wewe unajua umezaliwa lini. Andika. Niliandika tarehe ya kweli kwa kalamu yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nakumbuka niliitazama ile tarehe muda mrefu. Ilikuwa tarehe nzuri, ya katikati ya mwezi, tarehe ya mtu aliyezaliwa kweli.

Nilikwenda Columbus kwa basi mwezi wa nne, siku mbili kabla ya majaribio, nikapokelewa na Mercy, Mkenya aliyekuja kusomea uhasibu, rafiki ya mmoja wa wauguzi wa Highview. Apatimenti yake ilikuwa na kochi moja, picha ya wazazi wake wakiwa wamevaa majoho ya mahafali ya kuazima, na friji iliyojaa ugali wa juzi uliofungwa vizuri kwenye karatasi ya foili. Alinipikia sukuma na mayai, akanichemshia chai ya tangawizi, akaniambia nisiongee, nitunze koo, kisha akaniuliza maswali mia. Nikamweleza na yeye habari ya tarehe, maana nilikuwa nimegundua kwamba ukiishasema mara moja ulimi unalegea. "Honestly, Mapendo, hiyo ni kitu ya kurekebisha tu," alisema akikoroga chai. "Unaenda kwa lawyer, mamako anasign affidavit, wanabadilisha. Mbona unajistress?" Nilimuuliza yeye amezaliwa wapi. Akaniambia hospitali, akataja chumba mpaka na jina la daktari, kwa sababu yote imeandikwa kwenye cheti chake ambacho kiko kabatini, kwenye faili ya bluu. Nikaangalia lile kabati. Mercy ni mtu mwema na bado ni rafiki yangu, lakini siku ile nilitaka kummwagia chai.

Chumba cha majaribio kilikuwa ghorofani, chenye zulia la kijivu linalokula sauti. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, mpiga piano mmoja mwenye mafua. Niliimba wimbo mmoja wa Kiitaliano na mmoja wa Kijerumani. Kwenye ule wa kwanza nilianza vibaya, pumzi ikiwa juu kifuani, nikamwona mwanamke wa katikati akiandika kitu na nikafikiri basi, nimerudi kukunja mashuka. Hasira ikanisaidia. Nilikumbuka mabega, nikayaacha, na sauti ya juu ikaja na kukaa. Yule mwanamke aliweka kalamu chini. Walipomaliza kunisikiliza aliniuliza nimejifunza wapi, nikasema nyuma ya kanisa, wakacheka wote watatu, kicheko kizuri. "Na una miaka ishirini na miwili tu," alisema akisoma fomu. "Una wakati." Ndiyo mara pekee katika maisha yangu mtu wa kazi hii aliwahi kuniambia nina wakati.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Nilikuwa mmoja wa wanne. Madame Carol alilia, akala biskuti zake mwenyewe. Barua ilisema nitume kabla ya mwisho wa wiki ijayo nakala ya kitambulisho, kwa ajili ya mkataba. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ile ya kunipokea.

Nilimwambia Mama siku ya Jumamosi, mezani, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa hafanyi kazi na anapika. Alikuwa amepika bugali, maharagi, na samaki wadogo wa kukaanga waliotoka kwenye duka la Waburundi. Espoir alikuwepo, wadogo zetu watatu walikuwa wamebeba sahani zao kwenda mbele ya televisheni. Kwanza alishangilia, alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kisha nikamwomba aje nami kwa mwanasheria aape kuhusu umri wangu.

"Karatasi ya nini tena?"

"Ya kusema miaka yangu ya kweli, Mama."

"Miaka yako ya kweli iko mu dossier, mu faili ya kambi."

"Siyo. Na unajua siyo."

Alinawa mikono upya ingawa ilikuwa safi. "Bon. Sikia, Mapendo. Mu ile dossier tuko batu sita. Batauliza: huyu kama haiko mukubwa wa Espoir, iko nani? Utajibu nini?"

"Nitajibu mimi ni mtoto wa dada yako."

"Na mi nitakuwa nani? Mutu wa kuongopa. Interview yangu ya citizenship iko kisha wiki tatu. Ya kwanza nilianguka juu ya Kiingereza. Ya pili nianguke juu yako? Batanirudisha wapi, donc? Kule iko nyumba ya nani?"

"Mama, mlango huu unafungwa. Hautafunguliwa tena."

"Mtoto ya dada yangu ni mtoto yangu. Pale sikuongopa, hata mbele ya Mungu. Niliongopa miaka tu."

"Ndiyo hiyo miaka ninayoitaka!"

Nilikuwa nimesimama. Sikuwahi kumpazia sauti kabla ya siku ile, na nilikuwa na sauti ya kupaza. Watoto walipunguza televisheni. Mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake, akasema polepole: "Ningekuacha na miaka yako yote kule kambini, ungekuwa nayo mpaka leo. Kula, bugali inapoa." Nikamtazama Espoir. Nilimsubiri aseme neno, neno moja tu, yeye aliyepanda basi la njano. Espoir alikuwa anatoa miiba ya samaki. Aliipanga kwenye ukingo wa sahani, mmoja mmoja, na hakuinua kichwa mpaka nilipotoka.

Nimekaa na maneno yale ya Mama miaka kumi na sita na sijapata jibu lake. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alikuwa na haki. Nami nilikuwa na haki. Angekuwa mama mbaya ningemwacha na kusahau, lakini aliyenifungia mlango ule ni yule yule aliyekataa kunitoa mkononi mbele ya meza ya kambi, kwa uongo ule ule. Wachungaji huniambia nishukuru. Nashukuru, asubuhi na jioni. Shukrani haijawahi kuniondolea hasira hata kidogo. Zinakaa pamoja.

Nilituma kitambulisho. Sikuwa na kingine. Nilijidanganya kwamba labda wataangalia jina tu na picha. Simu ikaja Jumatano nikiwa kazini, nikaipokea katika chumba cha mashuka, mashine zikizunguka. Ni yule mwanamke wa katikati, aliyeweka kalamu chini. Alikuwa mpole, na upole wake siusahau. Alisema fomu yangu na kitambulisho havikubaliani, akaniuliza tu ipi ni sahihi. Nikasema fomu. Akauliza kama nina cheti chochote cha kuthibitisha, cha hospitali, cha ubatizo, barua ya mzazi. Mama alikuwa hai, kilomita chache kutoka pale, na ningeweza kusema mpigie huyu. Nilifikiria zile wiki tatu. Nikasema sina. Akashusha pumzi, akaniambia kwamba anaelewa, kwamba waimbaji wengi hujipunguzia miaka, kwamba shinikizo ni kubwa, na kwamba hatalitaja kwa mtu. Lakini nafasi itakwenda kwa mwingine. Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa kutonisema. Ukweli wa kwanza niliowahi kuandika kuhusu maisha yangu ndio ulionifanya niitwe mwongo, na niliitwa hivyo kwa sauti ya mtu anayenionea huruma.

Mama alifaulu mahojiano yake wiki tatu baadaye. Tulipika, kwaya ilikuja, aliinua bendera ndogo ya karatasi na kucheza nayo ukumbi mzima. Niliimba kwa kifua, kama zamani, mpaka barabarani walisikia, na mwenyekiti akasema sasa Mapendo amerudi. Mwisho wa mwezi ule nilihamia Columbus. Kila mtu alifikiri nimerukwa na akili, kwenda kuishi kwenye mji ulionikataa, lakini nilitaka kuwa karibu na kitu kile, hata kama ni nje ya ukuta wake. Mercy alinipa kochi lake. Nilipata kazi kwenye ghala la viatu, na mwaka uliofuata nikaingia kwaya ya jumba lile lile la opera, ambako hakuna anayeuliza umri. Mama na Espoir walihamia Buffalo, kwenye nyumba za bei rahisi, na kwa miaka mingi niliwatembelea Krismasi tu, na si kila Krismasi.

Hiyo ndiyo kazi yangu, basi, kwa anayetaka kujua maisha ya soprano. Nimekuwa mwanakijiji, mtawa, mtumwa wa Misri, mgeni wa harusi namba saba. Nimeimba mistari minne kama kijakazi anayeleta barua, na wapiga picha walinipiga picha nzuri na ile barua. Nimeimba kwenye harusi za watu nisiowajua na misiba ya matajiri. Kila mwaka nilisoma masharti ya mashindano: mwisho ishirini na minane, mwisho thelathini, mwisho thelathini na miwili. Kila mara nilikuwa bado ndani na karatasi yangu ilikuwa imeshatoka nje. Niliwaza mara nyingi kwenda mwenyewe kwa mwanasheria. Lakini Mama alikuwa sasa raia, na raia aliyeongopa kwenye faili yake anaweza kuulizwa upya, na watoto wake pamoja naye, na kufikia wakati huo Grace alikuwa amezaliwa. Sauti yangu ilinenepa nilipofika thelathini, ikawa ile ambayo Madame Carol alisema itakuja. Alikuja kunisikiliza mara moja kabla hajafa, akaketi safu ya tatu. Baadaye alinishika mikono na kuniambia alinisikia katikati ya watu arobaini. Nilijua anasema kweli, na nililia ndani ya gari kwa uchungu, kwa sababu kazi ya mwanakwaya ni kutosikika.

Wiki tano zilizopita waliniita Buffalo. Mapafu ya Mama yalikuwa yamejaa maji. Espoir anaendesha lori, na siku ile alikuwa Nebraska, siku mbili za barabara. Nilimkuta Mama ameketishwa kitandani na bomba la hewa puani, akili yake safi kabisa, akinikemea kwa kukonda. Alasiri akaingia mfanyakazi wa hospitali, mwanamke kijana mwenye karatasi, akaweka simu juu ya shuka ili mkalimani asikike. Alieleza kwamba huenda kabla ya jioni watalazimika kumlaza na kumwekea mashine ya kupumua, na kwamba wakati huo hataweza kusema, kwa hiyo wanahitaji kujua ni nani atakayeamua kwa niaba yake. Akanigeukia, akauliza kama mimi ndiye binti.

"Ngoja," Mama akaiambia simu. "Mwambie huyu madame. Huyu haiko mtoto yangu ya tumbo. Iko mtoto ya dada yangu. Alizaliwa mwezi moja na Espoir. Ile miaka ni mi nilimuwekea. Aandike."

Mkalimani alikuwa mwanaume, mwenye Kiswahili cha Tanzania, na alitafsiri yote kwa Kiingereza safi, bila kuruka neno. Nilikuwa nimeiota sentensi ile. Niliwahi kuiandika mwenyewe, kwa maneno ya kisheria, ili asaini tu. Sasa ilikuwa imesemwa mbele ya mtu wa ofisi mwenye kalamu, kwa hiari yake, miaka kumi na sita baadaye, wakati hainifai kitu. Mama alinitazama kama mtu aliyenipa zawadi. Yule mwanamke alisimamisha kalamu. "So you are the niece?" Akaeleza kwamba basi kuna fomu nyingine, na kwamba kwa kuwa kuna mtoto wa kiume, afadhali wamtafute yeye kwanza.

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Nebraska, siku mbili. Nikasema kwa Kiingereza kwamba dawa zinamchanganya. Nikasema mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nikatoa leseni kwenye mkoba na kumpa, akainakili ile tarehe, moja Januari, na ule mwaka.

Mkalimani, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akamrudishia Mama maneno yangu kwa Kiswahili. "Anasema yeye ni mtoto wako wa kwanza." Mama akafungua kinywa kubisha.

"Nyamaza, Mama," nikamwambia.

Akanyamaza. Yule mwanamke akanionyesha mahali pa kuweka sahihi, hapa, na hapa, na hapa chini palipoandikwa uhusiano, na nikaandika.